Mbwa anayehema usiku Mang'ola: si kila mara ni joto

Na Mwandishi Wetu, Karatu

MTU aliyewahi kulala shambani Mang'ola wakati wa mavuno ya vitunguu anazijua sauti za usiku wa huko. Kuna maji yanayopita kwenye mfereji, kuna vibarua wanaokoroma chini ya turubai, kuna fisi kwa mbali upande wa ziwani, na kuna mbwa. Mbwa akibweka, mwenye mali hushika tochi. Mbwa akinyamaza, mwenye mali hugeukia upande wa pili akaendelea na usingizi.

Lakini ipo sauti nyingine ambayo wengi hawaitilii maanani. Mbwa amelala kando ya magunia, ulimi uko nje, mbavu zinapanda na kushuka, anahema kama aliyetoka kukimbiza sungura. Saa saba ya usiku hiyo, na wewe mwenyewe umejifunika blanketi.

Mwandishi wa makala haya aliisikia sauti hiyo mwezi Julai, katika shamba la baba yake mdogo. Magunia thelathini na kitu yalikuwa yamepangwa kando ya barabara yakisubiri lori, kwa sababu bei ilikuwa imeshuka na mnunuzi alikuwa akituzungusha. Mlinzi alikuwa mmoja tu, mbwa wa kienyeji rangi ya udongo aliyeitwa Simba, mwenye uzito wa kama kilo 15. Alihema usiku wa kwanza, tukasema ni joto la mchana. Alihema usiku wa pili, jirani akasema mbwa huona vitu ambavyo macho ya binadamu hayaoni. Usiku wa tatu baba mdogo aliamka akammwagia maji, akarudi kulala.

Asubuhi Simba alikojoa mkojo wa rangi ya chai ya rangi. Usiku uliofuata watu walikuja na mkokoteni wakachukua magunia sita. Simba aliinua kichwa, akawatazama, akakilaza tena.

Gunia la kitunguu, hasa likiwa lumbesa, mkulima anajua limemgharimu nini. Kuna mbegu, kitalu cha wiki sita mpaka nane, kupandikiza, zamu za maji, palizi, dawa, na miezi mitatu hadi minne ya kusubiri shambani. Ndiyo maana tumeona si kitu cha kuchekesha kuandika katika kurasa hizi za biashara na kilimo juu ya pumzi ya mbwa.

KWA NINI MBWA ANAHEMA

Binadamu akipata joto hutoka jasho mwili mzima, jasho likakauka, mwili ukapoa. Mbwa hana bahati hiyo. Vinyweleo vyake vya jasho la kupoza mwili viko zaidi kwenye nyayo, na nyayo nne hazitoshi kupoza kilo 15 au 20 za nyama na manyoya. Kwa hiyo hutumia pua, mdomo na ulimi. Huvuta hewa haraka haraka na kuipitisha juu ya sehemu hizo zenye unyevu, maji yakageuka mvuke, na mvuke ukaondoka na joto.

Mbwa mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya mara 10 na 30 kwa dakika. Akihema kwa ajili ya joto, idadi hiyo hufika 200 na hata kupita 300. Joto la mwili wake la kawaida ni nyuzi 38 na kidogo hadi 39.2, kwa hiyo ukimshika ukamwona wa moto kuliko wewe usishtuke, ndivyo alivyoumbwa. Akipita nyuzi 39.5 ana homa au ameanza kushindwa na joto. Akifika 41 yuko katika hatari ya kufa, kwani ubongo, figo na utumbo huanza kuharibika.

Jambo la kushika hapa ni kwamba kuhema ni kazi ya kupoza mwili, lakini mwili huo huo hutumia pumzi ya haraka kwa shida nyingine. Damu ikipungua, mbwa atahema. Maumivu yakizidi, atahema. Mapafu yakijaa maji, moyo ukichoka, sumu ikiingia, au hofu ikimshika, atahema vilevile. Mchana huwezi kutofautisha kwa urahisi kwa sababu jua linaficha yote. Usiku wenye baridi ndio unaomfichua mgonjwa.

JOTO LA MANG'OLA LENYEWE

Tuanze na joto, maana si haki kulitoa kabisa kwenye lawama. Ukishuka kutoka mji wa Karatu kwenda Mang'ola, mwendo wa kilometa zipatazo 50, unaacha nyanda za juu zenye ukungu na kahawa na kuingia chini ya bonde la ufa, kando ya Ziwa Eyasi. Kijani kilichopo kinatokana na chemchemi, kama zile za Qangdend, na mifereji inayotoka huko. Nje ya mifereji ni vumbi, miba na chumvi. Mtu wa Karatu mjini akishuka na sweta, hulivua kabla ya kufika Barazani.

Miezi ya Oktoba hadi Februari ardhi hupokea jua kutwa nzima na kulirudisha taratibu usiku. Mbwa aliyefungwa kwenye sakafu ya saruji iliyopigwa na jua la mchana, au ndani ya ghala la mabati lisilo na dirisha, hulala juu ya jiko. Na ghala la vitunguu lina tatizo la ziada. Kitunguu kilichovunwa bado kiko hai, kinapumua, kinatoa joto na unyevu, na ndiyo maana wataalamu wa kilimo husisitiza ghala lipitishe hewa la sivyo mzigo utaoza. Ghala lisilomfaa mbwa kwa kukosa hewa halivifai hata vitunguu vyenyewe. Ukimkuta mlinzi wako anahema humo ndani usiku, itazame na bidhaa yako.

Mbwa mnene, mbwa mzee, mwenye manyoya mengi, na wale wenye pua fupi iliyobonyea wanaoletwa kutoka mjini, hupata taabu zaidi. Huyu wetu wa kienyeji, mwembamba, miguu mirefu, manyoya mafupi, ndiye anayelifaa bonde hilo. Baadhi ya Wahadzabe huenda naye porini kuwinda, na Wadatoga huwa naye machungani, wala hakuna anayemtafutia feni.

Kinachotakiwa ni maji safi ya kunywa usiku kucha, si mchana tu. Kamba iwe ndefu kiasi cha kumfikisha kwenye udongo mbichi kando ya mfereji au chini ya mti, na chakula kizito asipewe wakati wa jua kali. Mbwa anayehema kwa joto tu, ukimtoa nje kwenye upepo na kumpa maji, hutulia ndani ya nusu saa hivi. Akipita muda huo bila nafuu, acha kusema ni joto.

Akiwa amezidiwa na joto hasa, yaani anayumba, anatapika, ufizi umekuwa mwekundu sana na mate ni mazito, mwagie maji mwili mzima pale pale kabla hujatafuta pikipiki. Yawe ya mfereji au ya bomba, ilimradi yana ubaridi kuliko mwili wake. Elekeza zaidi tumboni, kwenye mapaja na nyayo, kisha mpepee ili maji yakauke. Usimfunike gunia lililolowa ukaliacha juu yake, maana likishapata joto linamzuia asipoe. Anywe kidogo kidogo kwa hiari yake. Akianza kutulia na joto likashuka hadi nyuzi 39.5, acha kumwagia na umpeleke kwa mganga wa mifugo hata kama anaonekana amepona, kwa sababu madhara ya figo hujitokeza baadaye.

SUFURIA LA VIBARUA

Sasa turudi kwa Simba, ambaye alihema mwezi Julai, wakati hata Mang'ola watu wanatafuta blanketi.

Ofisa mifugo alipofika, hakuuliza kwanza ameanza lini kuumwa. Aliinua mdomo wa juu wa mbwa, akatuonyesha ufizi uliokuwa mweupe wenye kuelekea unjano, kisha akauliza anakula nini. Tukamwambia anakula tunachokula sisi. Naye akageuka akalitazama sufuria.

Wakati wa mavuno vibarua hupikiwa ugali, na kitoweo chake ni kile kilichopo. Vitunguu vilivyokatwa na jembe, vilivyopasuka na visivyofaa sokoni huingia sufuriani kwa wingi kuliko nyumba yoyote ya mjini inavyoweza kufikiri. Makombo ya rojo hilo, pamoja na ukoko, ndiyo yalikuwa chakula cha Simba kwa muda wa wiki nzima.

Kitunguu ni sumu kwa mbwa. Msomaji asidhani tunatia chumvi, hili ni jambo linalofahamika vizuri katika tiba ya wanyama dunia nzima. Zile kemikali za salfa zinazotutoa machozi na kukipa kitunguu ladha yake, zikiingia katika damu ya mbwa huharibu chembe nyekundu. Chembe hizo hupata vinundu, bandama ikaziona kuwa ni mbovu, zikavunjwavunjwa. Kazi ya chembe nyekundu ni kubeba hewa safi kutoka mapafuni kwenda mwilini. Zikipungua, mwili unalalamika kwamba hewa haitoshi, na mbwa hujaribu kufidia kwa kuhema haraka na moyo kudunda mbio. Rangi ya damu iliyovunjika hupitia kwenye figo, na huo ndio mkojo wa rangi ya chai au kahawa.

Kiasi kinachoweza kumdhuru mbwa kwa mlo mmoja ni kama gramu 15 hadi 30 za kitunguu kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa mbwa wa kilo 15 hiyo ni kati ya gramu 225 na 450, yaani vitunguu viwili hadi vinne au vitano vya wastani. Kwa mtu wa mjini anayekaanga nusu kitunguu hiyo ni mingi, lakini kwa sufuria la vibarua kumi na tano ni kijiko kimoja cha upawa. Tena si lazima aile kwa siku moja. Akila kidogo kidogo kila siku, madhara hujumlishana.

Kupika hakuiondoi sumu hiyo, wala kukausha. Kitunguu saumu, ambacho ndugu zetu wa Mbulu wanakilima sana, kina nguvu zaidi ya kitunguu maji kwa uzito ule ule. Paka huathirika kwa kiasi kidogo kuliko mbwa. Na dalili hazionekani pale pale. Mara nyingi hupita siku moja hadi tano, na ndiyo sababu mwenye mbwa hakumbuki alimpa nini na huanza kutafuta mchawi.

Mfugaji wa ng'ombe naye asome hapa. Kwa kuwa vitunguu vibovu huwa vingi baada ya kuchambua, wapo wanaowamwagia mifugo wakiona ni chakula cha bure. Ng'ombe huathirika kwa vitunguu kuliko mbuzi na kondoo, na akizidishiwa hupata ugonjwa ule ule wa kukosa damu. Wataalamu wa lishe ya mifugo hushauri vitunguu visizidi robo ya chakula chote cha ng'ombe kikipimwa kikiwa kikavu, tena vichanganywe vizuri na majani au pumba badala ya kuachwa ng'ombe achague mwenyewe. Mbuzi na kondoo huvumilia zaidi, ingawa nao si vizuri kuwashindisha kwenye lundo.

Hakuna sindano ya kuondoa sumu ya kitunguu. Mbwa akiwa ameila ndani ya saa moja au mbili, mganga wa mifugo anaweza kumtapisha. Baada ya hapo tiba ni kuondoa vitunguu kwenye chakula, kumpumzisha asikimbie, kumpa maji mengi na chakula chenye nyama au dagaa, na kusubiri mwili utengeneze damu mpya. Kwenye hospitali kubwa za wanyama huongezewa damu, lakini huku kwetu hilo ni la kusikia.

KUPE NA MBUNG'O

Hata hivyo ofisa mifugo yule hakuridhika na sufuria peke yake. Alimpapasa Simba masikioni na katikati ya vidole, akatoa kupe. Kupe wa mbwa wana mambo mawili yanayoharibu damu vilevile, na mtu anaweza kulaumu kitunguu kumbe ni kupe, au vyote kwa pamoja.

La kwanza ni babesia, vijidudu vinavyoingia ndani ya chembe nyekundu na kuzipasua, kwa namna inayokaribia malaria kwa binadamu. Mbwa hupata homa kali, ufizi huwa mweupe au wa njano, mkojo huwa mwekundu, pumzi mbio. Bila tiba anaweza kufa ndani ya siku chache, hasa mtoto au mbwa aliyeletwa kutoka sehemu isiyo na kupe wengi. La pili ni elikia, inayokwenda taratibu. Mbwa hukonda, hutoka damu puani, hupata madoa mekundu tumboni na macho kuwa na ukungu. Hii hutibiwa kwa doksisaikilini kwa wiki tatu hadi nne, na wengi hukosea kwa kuacha dawa mbwa anapoanza kula.

Upande wa maporini, kuelekea Yaeda na kando ya ziwa, kuna mbung'o. Watu wengi wanajua kwamba mbung'o huua ng'ombe kwa ugonjwa wa ndorobo, na historia ya maeneo yale, kwa nini wafugaji waliyakwepa kwa muda mrefu, haiwezi kuelezwa bila mdudu huyo. Wachache wanajua kwamba mbwa naye hupata ndorobo, tena kwa ukali. Uso huvimba, macho huwa meupe kama yamepakwa maziwa, homa hupanda na kushuka, naye hukonda akiwa bado anakula. Mbwa anayefuatana na wachungaji au wawindaji kisha akaanza kuhema usiku na macho yakageuka rangi, apimwe damu mapema.

Hapa pana mtego ambao tunaomba msomaji auangalie. Dawa ya sindano ya ndorobo kwa ng'ombe, ile chembechembe za njano zinazochanganywa na maji, hutumika pia kwa mbwa kutibu babesia na ndorobo. Ipo kwenye maduka ya dawa za mifugo na bei yake si kubwa. Lakini kwa mbwa, nafasi kati ya kipimo kinachoponya na kinachoua ni nyembamba sana. Ikizidi huharibu ubongo, mbwa akaanza kutembea kama mlevi, akakakamaa na kufa. Usimchome kwa kukadiria kwa jicho. Apimwe uzito, na achomwe na mtaalamu.

MFEREJI UNAOOSHEWA BOMBA

Kitunguu hushambuliwa na thiripsi, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani yakawa na michirizi ya fedha, na pia na ukungu wa madoa ya zambarau. Kwa hiyo mkulima hupulizia, na hupulizia tena. Baadhi ya viuatilifu vinavyotumika dhidi ya thiripsi ni vya kundi linaloshambulia mishipa ya fahamu. Mdudu hafi kwa namna tofauti sana na atakavyokufa mbwa.

Bomba la mgongoni likimaliza kazi huoshewa kwenye mfereji. Mbwa hunywa kwenye mfereji huo huo, hulala juu ya majani yaliyotoka kupuliziwa, kisha hujilamba. Mbwa aliyepata sumu ya namna hii huonekana. Mate humtoka kwa wingi, machozi pia, mboni za macho huwa ndogo kama kichwa cha sindano, huhara, misuli hutetemeka, kifua hulia kwa kuwa mapafu yanajaa ute. Mbwa huyo anakosa pumzi, na muda alionao ni wa kuhesabu kwa saa au hata dakika. Mganga wa mifugo ana atropini, na ikichomwa mapema huokoa. Chukua chupa au kibandiko cha dawa uliyopulizia uende nacho, ili ajue anapambana na nini. Kama sumu iko kwenye manyoya, muoshe kwa sabuni na maji, nawe vaa glavu au funga mifuko ya plastiki mikononi.

Dawa za kuogeshea ng'ombe nazo zimewaponza mbwa wengi. Mfugaji akishamaliza ng'ombe, humtupia mbwa kilichobaki. Kibandiko cha dawa kinasema ni kwa wanyama gani na kwa kiasi gani. Kisipomtaja mbwa, mwache.

MENGINE KWA KIFUPI

Jike anayehema usiku, anayechimba na kuzungukazunguka, huenda anakaribia kuzaa, na hapo hakuna ugonjwa. Lakini jike anayenyonyesha watoto wa wiki mbili hadi nne, akihema huku anatetemeka na kutembea kwa kukakamaa, ameishiwa kalisiamu kwenye damu. Watoe watoto kwenye nyonyo na umtafute mtaalamu usiku huo huo, usisubiri kuche.

Mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu, aliyekula sana kisha tumbo likajaa kama ngoma, akawa anajaribu kutapika na hakitoki kitu, tumbo lake linaweza kuwa limejipinda. Hilo huua kwa saa chache na linahitaji upasuaji. Mbwa aliyeumwa na kifutu huvimba usoni au mguuni na kuhema kwa maumivu. Mbwa mzee anayekohoa na kuhema zaidi akilala, akapata nafuu akikaa, mara nyingi ni moyo.

Ipo pia distempa, ugonjwa wa virusi unaoleta usaha machoni na puani, kikohozi, pumzi nzito na hatimaye kuruka kwa misuli. Virusi hivyo havishii kwa mbwa. Mwaka 1994 viliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, wapatao 1,000, na watafiti waliwatazama mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi kama chanzo kimojawapo. Karatu inapakana na Ngorongoro na sehemu ya mapato yake hutokana na wageni wanaokuja kuwaona wanyama hao, kwa hiyo chanjo ya mbwa wa kijijini inagusa mifuko ya watu wengi kuliko mwenye mbwa.

Na kabla hujaingiza mkono kinywani mwa mbwa yeyote kutazama ufizi, fikiri kuhusu kichaa. Mbwa aliyebadilika tabia, taya limelegea, sauti imekwaruza, mate yanamtoka na hawezi kumeza, usimguse. Usimfungue kinywa ukidhani amekwama mfupa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kwamba kichaa cha mbwa kiliua Watanzania karibu 1,500 kwa mwaka, wengi wao watoto. Ukiumwa au mate yakigusa jeraha, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 na uende hospitali siku hiyo hiyo. Chanjo ya mbwa wenyewe ndiyo kinga, na ikiwafikia asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Hoja kwamba huku kwetu hakuna friji imepungua nguvu. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016 kwa chanjo moja inayotumika Tanzania yalionyesha kwamba ilibaki na nguvu hata ilipokaa kwenye nyuzi 25 kwa miezi sita, au nyuzi 30 kwa miezi mitatu.

VITU VITATU VYA KUTAZAMA KWA TOCHI

Ukimkuta mbwa wako, yule unayemjua na aliyechanjwa, anahema usiku, huhitaji elimu kubwa. Subiri alale usingizi, kisha hesabu mbavu zinapanda mara ngapi kwa sekunde 15, uzidishe kwa nne. Ikizidi 30 usiku baada ya usiku, kuna tatizo.

Kisha inua mdomo wa juu. Ufizi mzuri ni wa rangi ya waridi. Ubonyeze kwa kidole mpaka uwe mweupe, uachie, rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Mweupe wa kudumu maana yake hana damu au damu haizunguki, wa njano maana yake damu inavunjika au ini linaumwa, wa buluu maana yake hewa haifiki, na huyo hana muda. Mbwa ambaye ufizi wake ni mweusi kwa asili, mtazame ndani ya kope la chini la jicho.

Tatu ni mkojo. Asubuhi mfuate anapokwenda kukojoa, na kama unaweza, kinga kidogo kwenye kopo. Kopo hilo litamsaidia ofisa mifugo kuliko maelezo ya nusu saa.

Kipimajoto cha duka la dawa kinafaa, kikipakwa mafuta na kuingizwa nyuma taratibu, ila kitengwe kwa mbwa peke yake. Kitu usichotakiwa kufanya ni kumpa dawa zako za maumivu. Parasetamo huharibu ini na chembe nyekundu za mbwa, na kwa mbwa aliyekwisha kula vitunguu ni kumsukuma shimoni. Diklofenaki na ibuprofeni hutoboa tumbo lake na kuharibu figo.

Simba alichomwa kwa ajili ya kupe, akaondolewa kwenye sufuria la vibarua, akawa anapewa ugali na dagaa uliotengwa kabla kitunguu hakijaingia. Wiki mbili za kwanza alilala tu. Ufizi ulianza kurudisha rangi wiki ya tatu, na kubweka alibweka mwezi ulipokuwa unakaribia kwisha, tena kwa lori la mnunuzi, lililofika siku hiyo kuchukua magunia yaliyobaki kwa bei ile ile aliyokuwa akiikataa baba mdogo.

Yale sita hayakupatikana.